Muulize na Yule Mzima

Juzi rafiki yangu wa Langoni, hapa Lamu, alinitumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, dakika tatu na nusu, nusu yake ikiwa ni mlio wa punda na watoto wa chuo cha Kurani. Dadake yuko Mombasa na mwanawe wa miaka 7, anaumwa saratani ya damu, miezi kumi na moja sasa. Madaktari wamewaita wazazi pembeni wakawaambia dawa hazishiki tena. Rafiki yangu amesikia kuna riwaya ya Kizungu inayohusu familia ya namna hiyo, watu wameisoma wakalia, wakasema imewafariji. Je, amtumie dadake? Anajua mimi ninayo.

Ninayo kweli, na nimeisoma mara tatu. Nikamjibu asimpelekee. Maelezo yangu yakawa marefu kuliko ujumbe wake, na kwa kuwa si wa kwanza kuniuliza, nimeona niyaweke hapa.

Lakini nianzie nyumbani kwetu, maana bila ya hapo mtaona namkatalia mtu kitabu kwa ubahili.

Mdogo wangu tulimwita Bwana Mdogo, hata mwalimu wake alimwita hivyo. Alianza kuumwa mwaka 2003, ana miaka 6. Homa. Akapewa dawa ya malaria, ikatulia, ikarudi. Akapewa tena. Mara ya tatu alikuwa mweupe wa midomo, fizi zikitoka damu akipiga mswaki, magoti yakimuuma usiku hata akaomba afungwe leso. Miguuni ana vidoadoa vyekundu, Bibi akasema ni mbu. Na michubuko kila mahali, asiyokumbuka ameipata wapi. Mmoja nilikumbuka mimi: nilikuwa nimemsukuma ngazini tukigombania embe.

Mwenye mtoto, ukiona homa inarudi baada ya dawa, na mtoto anapauka, ana michubuko isiyo na sababu au mifupa inamuuma, usikubali kuandikiwa malaria kwa kukisia tena. Omba kipimo cha damu kamili, kile cha kuhesabu chembe zote za damu. Ni kipimo cha kawaida, na ndicho kilichowashtua waliompima mdogo wangu, lakini ilichukua karibu miezi mitatu mpaka mtu alipokiagiza.

Na jambo jingine nilitie hapa kabla sijatisha watu: saratani ya mtoto si lazima iwe kifo. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati huwa chini ya asilimia 30, na sababu ni zile tunazozijua: kuchelewa kugundua, dawa kukatika, wazazi kuishiwa nauli wakarudi nyumbani nusu ya safari. Kwa hiyo yote nitakayoyasema chini yanahusu nyumba ambayo imeshaambiwa na madaktari kuwa njia ya kuponya imefungwa. Kama yenu haijafungwa, fungeni kibwebwe mkaendelee na matibabu.

Yetu ilifungwa mwaka wa pili. Mama na Bwana Mdogo walikuwa Mombasa zaidi ya walivyokuwa Lamu. Siku hizo ukivuka kwa boti mpaka Mokowe unaingia basi alfajiri, mna askari wa kusindikiza, na barabara ya Witu hadi Garsen ni mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Baba alibaki na kazi yake ya useremala, akituma kila alichopata. Mimi nilibaki na Bibi. Nilikuwa na miaka 12 ilipoanza na 14 ilipokwisha, na katika miaka hiyo miwili sikumbuki mtu mzima hata mmoja aliyeniuliza jambo lisilomhusu mdogo wangu. Nikipita usita wa mui, njia kuu ya mji, nasimamishwa mara kumi: "Hajambo nduguyo? Wamesemaje Mombasa? Mwambie Mama twamuombea." Nilikuwa kama sanduku la posta.

Pesa za mchango ziliwekwa kwenye kopo la maziwa ya unga, ndani ya kidaka cha chumba cha Bibi. Siku moja nikachukua shilingi 300. Nikaenda kununua makubadhi mekundu ya shanga. Nikayavaa wazi, nikapanda nayo ngazi, nikatembea nayo sebuleni mbele ya Baba, kwa Bibi, kisha mbele ya Mama aliporudi. Nilikuwa nasubiri kofi. Mama aliyatazama, nakumbuka vizuri, macho yake yalishuka mpaka miguuni pangu yakakaa pale kidogo, kisha akauliza kama maji ya kuoga yamechemka.

Sikuwahi kulia kwa ajili ya ugonjwa wa mdogo wangu kama nilivyolia kwa makubadhi yale.

Basi, riwaya. Inaitwa My Sister's Keeper, ya Mmarekani Jodi Picoult, na ilitoka mwaka 2004. Mimi niliipata mwaka 2011, nikifanya kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni Shela. Watalii huacha vitabu kama sisi tunavyoacha maganda ya machungwa, na hiki kilikuwa kimeachwa kando ya kitanda, jalada limejikunja kwa maji ya bahari. Nilikisoma zamu mbili za usiku.

Kwa ufupi: Kate ana miaka 16 na ana saratani ya damu tangu utoto. Wazazi wake walimzaa Anna kwa kuchaguliwa maabarani ili chembe zake zilingane na za Kate, na tangu siku ya kuzaliwa Anna amekuwa akitolewa vitu mwilini: damu ya kitovu, chembe za damu, uboho, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Sasa ana miaka 13 na anatakiwa atoe figo. Anatafuta wakili na kuwashtaki wazazi wake, ili mwili wake uwe chini ya uamuzi wake. Mama yao aliwahi kuwa wakili, kwa hiyo anasimama mahakamani dhidi ya mwanawe mwenyewe. Kila sura anazungumza mtu mwingine, mama, baba, Anna, wakili, na ni jambo zuri, maana hupati nafasi ya kumchukia yeyote kwa muda mrefu.

Wasomaji wengi niliozungumza nao hubishana juu ya Anna na mama yake. Nani ana haki? Sawa, mbishane. Mimi niliyemuona ni mwingine, kaka yao, Jesse. Yeye ni mkubwa, hakulingana na Kate, hana cha kutoa, hivyo nyumbani hana kazi. Anakunywa pombe, anavuta, na usiku anachoma moto majengo matupu. Babake ni mzimamoto. Baba anatoka kitandani kwenda kuzima moto uliowashwa na mwanawe mwenyewe, kisha anarudi nyumbani asiulize kwa nini kijana ananuka moshi.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikaenda kukaa ufukweni mpaka alfajiri. Makubadhi yangu mekundu, nikasema. Huyu kijana amevaa makubadhi yangu.

Sasa mtaelewa kwa nini sikutaka kitabu hiki kiende Mombasa. Mama aliyeketi ukingoni mwa kitanda cha hospitali hakihitaji. Anajua ugonjwa kuliko mwandishi. Akikisoma, atamkuta mama wa kwenye kitabu anayepigania mtoto mmoja hata hawaoni wengine, na atajihukumu, wakati ambao hana hata nguvu za kusimama. Na kuna mwisho wake, ambao siutoboi, ila nitasema ni mwisho wa riwaya: umetengenezwa. Ajali inaingia, mambo yanapinduka. Filamu ya mwaka 2009 iliubadilisha kabisa. Mtu aliye katikati ya jambo lenyewe akipewa mwisho kama ule ataanza kuutafuta katika maisha yake, na kwetu hakuna mtunzi wa kupindua mambo ukurasa wa mwisho.

Kama unataka kumpa mtu, mpe ami, mpe shangazi, mpe mwalimu wa shule, mpe yule anayekwenda kutazama mgonjwa kila Ijumaa na kuondoka. Na baada ya miaka, mpe ndugu wa aliyefariki, akitaka. Mimi kilinifaa miaka sita baadaye. Mwaka mmoja baadaye ningekitupa baharini.

Kuna sehemu ya riwaya ile ambayo najua ni ya kweli kwa sababu ilinitokea, nayo ni siri ya watoto wawili. Nisiseme zaidi, msije mkaniambia nimewaharibia. Nitasema yangu.

Mara ya mwisho walivyorudi kutoka Mombasa, tuliambiwa Bwana Mdogo amekuja "kupumzika". Watu wazima wote walikubaliana na neno hilo. Majirani walikuja kusoma Yasini, ami akaleta kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, kutoka kwa maalim, Bibi akampikia uji wa tende. Usiku joto lilikuwa kali, tukalala juu, chini ya makuti, mimi na yeye, Mama amesinzia ngazini.

"Dada, umelala?"

"La."

"Mimi siponi."

Nikamuuliza nani kamwambia.

"Hapana mtu. Zile dawa za kunitapisha wameacha kunipa. Na Baba haninyimi kitu. Jana nimemuomba punda, akasema inshallah."

Nilitaka kucheka na nilicheka kweli, na yeye akacheka, maana Baba na punda walikuwa hawapatani. Kisha akasema, "Usimwambie Mama kama najua. Atalia."

Miaka 8. Alikuwa anamlinda mamake, mamake anamlinda yeye, na mimi katikati nimepewa kufuli. Nilikaa nalo wiki saba. Mama aliingia kila asubuhi na uso wa Idi, akimwambia ukipata nguvu tutakwenda Manda kuogelea, naye anaitika, "Ndiyo Mama," akinitazama mimi. Hakuna aliyeagana na mwenzake. Hilo ndilo Mama analijutia mpaka leo, na aliponiruhusu kuandika haya alisema niliandike hilo kwanza. Nimelichelewesha, anisamehe.

Kwetu tunaogopa kusema kwa sababu tunaona kusema ni kumkatia mtu tamaa ya rehema ya Mungu, au ni kumchuria. Nimemuuliza maalim mmoja ninayemheshimu, akanijibu kwa swali: unapomwambia mgonjwa atoe wasia, unamchuria? Mtoto hana mali ya kuusia, lakini ana mambo yake. Bwana Mdogo alikuwa na gololi 41 na alitaka zigawanywe kwa majina. Aliniambia mimi, nikagawa, na wawili nikawasahau.

Mtoto akikuuliza, usikimbilie kumjibu wala kumziba mdomo. Mrudishie kwanza: "Wewe waonaje?" Utashangaa anajua kiasi gani, na utajua umuongeze kiasi gani. Akitaka kujua, maneno mafupi yanatosha. Dawa za kuondoa ugonjwa zimeshindwa. Dawa za maumivu zipo na utapewa. Hutakuwa peke yako hata usiku. Hilo la tatu halitaki elimu yoyote, na kuachwa peke yao ndiko watoto wengi wanakokuogopa zaidi.

Usimwambie "utalala tu" au "unasafiri". Mtoto mdogo ataogopa kulala, na nduguye ataogopa kila mtu anayepanda boti. Mimi kwa miaka mingi niliogopa kuliona basi la Mombasa, kiasi nisichoweza kukuelezea.

Na yule mtoto mzima, asiyeumwa, umwambie mambo matatu hata kama hajauliza, kwa sababu hatauliza. Ugonjwa huu hauambukizi. Hakuna ulilofanya lililouleta. Una ruhusa ya kucheza. La pili lisemwe wazi kabisa. Mimi nilibeba ule mchubuko wa ngazini mpaka nikaolewa. Niliamini damu ya mdogo wangu iliharibika pale nilipomsukuma. Nesi mmoja, miaka mingi baadaye, ndiye aliyenieleza kuwa michubuko ilikuwa dalili: uboho ulikuwa hautengenezi tena chembe za kugandisha damu za kutosha, hata kuguswa kidogo kungeacha alama. Maelezo ya dakika mbili.

Suala la uboho lenyewe lilinipa hofu yangu nyingine. Ami alisikia habari za kupandikizwa India, akawa anasema barazani, "Wapimwe nduguze, tutachanga." Hakuna aliyenigeukia. Nilidhani ni kisu cha uti wa mgongo, nikawa nalala nimeegemeza mgongo ukutani. Kumbe, kwanza, ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Pili, uboho huchukuliwa kwenye mfupa wa nyonga, mtu amelazwa kwa dawa ya usingizi, au chembe zake huchujwa kwenye damu ya mkononi. Pesa hazikufika hata robo na sikupimwa. Lakini kama mnafikiria njia hiyo, msimzungumzie mtoto mzima kama kisima cha nyumba. Mkalisheni, mwelezeni, mumwache aulize, na akisema anaogopa msimtajie mapenzi ya nduguye kama deni.

Maumivu sasa, na hapa nina hasira, mnivumilie. Mwezi wa mwisho mdogo wangu aliumwa mifupa mpaka shuka ilimkera. Hospitali tuliyokwenda, sitaitaja, ilimpa vidonge vya panadol. Baba alipouliza dawa kali aliambiwa morfini itamzoesha mtoto. Itamzoesha! Mtoto aliyebakiwa na wiki tatu! Leo najua kuna morfini ya maji, ya kunywa, chungu, ambayo kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa nne kwa saa, bila ya kungoja mtoto aanze kulia, na kwa kipimo sahihi haimuui wala haimgeuzi mlevi. Hufunga choo, kwa hiyo omba na dawa ya kulainisha siku hiyohiyo. Kuna wahudumu waliosomea kazi hii ya kutuliza maumivu na taabu za mgonjwa; huduma yenyewe huitwa tiba shufaa, na hospitalini wengi husema paliativu tu. Nairobi Hospice, kituo cha huduma hii, ipo tangu mwaka 1990, Mombasa nako iko hospisi. Usingoje waje wakutafute. Uliza, "Nani hapa anashughulikia paliativu?" na ukiambiwa hakuna, omba rufaa. Na huduma hii haingoji mwisho. Inaweza kuanza siku ileile ugonjwa unapogunduliwa, pamoja na matibabu, na sehemu yake ni kuwashughulikia ndugu pia. Laiti.

Wageni nitapita haraka. Msije watu kumi na mbili chumba kimoja. Msimwambie mama "umekonda". Mkileta chakula leteni kwenye chombo msichokitaka tena. Mwenye kujua kupika mkate wa mofa apeleke alfajiri, maana usiku chakula hujaa na asubuhi hakuna.

Lakini hili moja nitalisisitiza kwa jamaa. Kaeni kikao, mchague mtu mmoja kwa jina, mumkabidhi mtoto mzima. Msiseme "sote tutamtazama", maana hao "sote" walikuwepo nyumbani kwetu. Awe mmoja, anayejua mtihani wake ni lini na viatu vyake ni namba ngapi, na akiona makubadhi mapya aulize yametoka wapi. Siku ya maziko msimwambie "usilie, utamvunja moyo mamako". Mimi niliambiwa na wanawake wanne kabla ya adhuhuri. Nikakaa jikoni nikikuna nazi za hitima, na nazi zile zilikuwa na chumvi.

Nilipomaliza kumjibu rafiki yangu, nikakumbuka swali ambalo hakuligusa. Nikamuuliza: dadako si ana kijana mkubwa? Kimya kidogo. Kisha, "Yupo kwa bibi yake. Ana miaka 13. Huyo yuko sawa, hana taabu, hata hasemi."

Alasiri nikajitanda nikaenda. Nyumba yenyewe iko nyuma ya soko, unapita chini ya wikio moja, kile chumba kinachovuka juu ya njia, unapanda. Nilimkuta dakani anachonga kijiti kwa kisu cha jikoni. Akasimama kwa adabu, akanipa mkono, na kabla sijasema neno akaanza, kama anayesoma:

"Shikamoo. Mama hayupo, wako Mombasa. Amelala vizuri jana, homa imeshuka, ameomba juisi. Tumuombee."

"Marahaba. Nimekuja kwako wewe."

Akageuka kutazama ndani ya nyumba, kama anatafuta mtu mkubwa wa kumkabidhi mgeni.